Siku Nilifungia Wageni Pamoja na Kumbikumbi

Najua hii habari imewafikia tayari, na najua iko watu wanaieleza vibaya, ati nilipiga kufuli, ati shangazi wa watu alilia, uongo, hakulia, alipiga kelele tu, na hiyo ni kitu ingine. Kwa hiyo kaeni niwaambie mimi mwenyewe mwenye aibu, sababu aibu ikitoka kwa mdomo yangu ni afadhali kidogo kuliko ikitoka kwa mdomo ya Mama Keji, jirani yangu, mwenye mpaka leo akiniona sokoni anashika tumbo, anacheka, na kutafuta mahali pa kukaa.

Mambo ilianza na nzi. Binti yangu Ayikoru alipata kijana wa Koboko, jina yake Lemi (kijana mzuri, anasali, hana maneno mingi), na Lemi akaja mara ya kwanza na shangazi yake, Shangazi Poni. Baba ya huyo kijana alikufa zamani, ni shangazi alimlea, kwa hiyo kwa ile familia Shangazi Poni akisema ndiyo ni ndiyo, na akisema hapana hata ng'ombe za mahari zenye ziko njiani zinageuka. Sasa nikamkalisha kwa varanda yangu hapa Pajulu, nikampa chai ya maziwa, tangawizi ndani, na nzi ikatoka nisikojua ikaingia kwa kikombe yake kama imeitwa kwa jina. Mama wa watu hakukasirika. Alisukuma kikombe na kidole moja, polepole, mpaka mwisho ya meza, akasema, "Sisi kule Koboko tuliweka neti. Nzi haijui kwetu."

Basi. Walipoondoka walisema watarudi na wazee kutoa neno ya mwisho, na Ayikoru akaingia jikoni akakaa chini kwa kigoda, akaniambia, "Mama, huyo shangazi hatakubali. Umeona vile aliangalia kikombe?" Nikamwambia mtoto, futa macho, Mungu yuko, na mama yako pia yuko.

Mimi tena nasoma masomo ya jioni, mnajua, na mwalimu wetu alitufundisha vile nzi inatoka choo na miguu yake yote inakuja kusimama kwa sahani, kwa hiyo nilikuwa nasikia kama hii neti ni vita yangu ya elimu na ya imani pamoja. Nikaenda Arua mjini, kwa duka ya vitu vya kujenga, na mwenye duka akanikunjulia aina tatu. Iko ya plastiki ya kijani, matundu kubwa, hiyo nikaona ni ya kuku. Iko ya waya, ngumu, inang'aa, hiyo akaniambia ndiyo watu wanaweka kwa varanda sababu upepo inapita vizuri. Halafu iko moja nyeusi, laini kama soksi ya mama wa mchungaji, matundu yake huwezi kuona mpaka uweke kwa jicho.

"Hii nyembamba ni ya dirisha, mama," akasema. "Kwa varanda mtasikia joto."

"Mdudu ndogo kabisa inaweza kupita?"

"Haiwezi."

"Hata yenye haijazaliwa?"

Akacheka, akasema hata hiyo. Nikasema kata. (Hapo ndipo nilipotea, ndugu zangu, pale kwa neno "kata".)

Fundi Drani akaja kupiga fremu, na huyo fundi uzuri wake na ubaya wake ni moja, anakubali kila kitu. Nikasema funga dirisha zote, "Sawa mama." Nikasema funga varanda kutoka chini mpaka juu, hata ile nafasi ya hewa kati ya ukuta na mabati, "Sawa mama." Nikasema mlango ikae imebana, isiache hata nafasi ya unywele, "Sawa mama," na mbao yenyewe ilikuwa bado mbichi, lakini mimi niliangalia neti tu. Baba Ayikoru, mume wangu, alikuwa anatengeneza redio yake pembeni, akainua kichwa akauliza, "Na ile kona?"

"Kona gani? Mimi naongea habari ya nzi!"

Akarudi kwa redio. Hiyo ndiyo tabia yake, anasema mara moja.

Sasa lazima niwaeleze ile kona. Tulipojenga hii nyumba kulikuwa na kichuguu kubwa hapa, na mume wangu aliisawazisha, tukamwaga sementi juu, tukasema imekwisha. Nani alisema imekwisha? Kila mwaka mvua ikianza, kwa kona ya varanda sementi inapasuka mstari, na kumbikumbi inatoka pale kama moshi, na sisi tunafurahi, tunaweka beseni, tunaita majirani, tunakula, ni baraka ya nyumba. Kila mtu wa hapa anajua kona ya Mama Ayikoru. Mimi tu, ile wiki, kichwa yangu ilikuwa imejaa nzi. Nikanunua kapeti ya plastiki yenye maua nikatandika varanda yote, kona ikapotea chini, na kwa sababu pale ndipo kivuli iko nzuri, nikaweka kiti ya heshima, ile ya mto nyekundu. Ya Shangazi Poni.

Siku yenyewe ikafika. Vitu vyote vyenye sikutaka wageni waone, magunia ya muhogo, baiskeli, kuku yenye inalalia mayai, nikasukuma ndani sebuleni mpaka hata paka haingeweza kupita, nikafunga mlango ya sebule na kuweka meza ya chakula mbele yake. Mvua ikanyesha saa za mchana, kubwa, ya kwanza ya mwaka, halafu jua ikatoka ikawaka vile inawakaga baada ya mvua. Mwenye akili angesikia harufu ya ule udongo akajua. Mimi nilikuwa nafuta vikombe.

Wakafika kutoka Koboko, Lemi, Shangazi Poni na wazee wawili wa suti. Shangazi akasimama mbele ya neti yangu, akaigusa, akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Hmm." Jamani, ile "hmm" ilikuwa tamu kuliko asali. Akakaa kwa mto nyekundu. Joto ilikuwa kali ndani kama chungu yenye imefunikwa, wazee walikuwa wanajipepea na kofia, lakini nzi hata moja! Ayikoru akaleta ugali ya muhogo, akaleta kuku, akatoka tena kuchukua sosi ya simsim jikoni, na mlango nyuma yake ikabaki wazi kidogo sababu mbao ilikuwa imevimba na mvua. Mimi nikaona ile nafasi. Nikashika mlango nikaivuta na nguvu ya kuvuta ng'ombe kwa matope, na ikaingia kwa fremu yake, tap! Nikageuka nikatabasamu. Baba Ayikoru akaniambia, "Mama, tusalie chakula."

Na hapo ningesema "Bwana bariki, amina" kama watu. Lakini hapana. Nikafunga macho, nikainua mikono, nikaanza: "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa hii nyumba yenye umeitakasa, nyumba yenye haina nzi, haina mbu, wala mdudu ya kutambaa wala ya kuruka haiwezi kuingia..."

Nikasikia Shangazi Poni amesema, "Ai!"

Nikafikiri, Roho amemgusa. Nikapandisha sauti.

"...sababu wewe Bwana umetuzungushia ukuta, kwa juu na kwa chini..."

"Ai! Ai, mama yangu!"

"Ndiyo Bwana, mguse!"

"Mutu aniondolee! Inapanda mguu!"

Nikafungua macho. Kapeti ya maua ilikuwa inainuka yenyewe kwa kona, inapumua, na pembeni yake kumbikumbi ilikuwa inatoka, si moja moja, inatoka kama maziwa yenye imechemka, na yote inapita kwanza chini ya kitenge ya Shangazi halafu inatokea kwa shingo. Shangazi aliruka. Mama mzima, mwenye mwili, aliruka kama msichana wa kuruka kamba, kitambaa ya kichwa ikaanguka kwa kuku. Sekunde kidogo hatukuonana tena, mabawa tupu, kwa ugali, kwa chai, kwa ndevu ya mzee. Na kwa nini haikuruka kwenda zake? Ingeenda wapi? Si mimi nilinunua neti yenye hata mdudu yenye haijazaliwa haipiti? Inapiga neti, inarudi kwa sisi. Inapiga tena, inarudi.

Lemi akasukuma mlango. Haikusikia. Baba Ayikoru akasukuma. Mzee wa suti akasukuma na mgongo. Ayikoru alikuwa amesimama inje na sufuria ya sosi, mdomo wazi, na nyuma yake nani? Mama Keji, na beseni yake tayari, sababu yeye alijua siku ya kona imefika. Akaweka uso kwa neti.

"Mama Ayikoru! Mbona umefungia wageni pamoja na mboga?"

"Vuta mlango, wewe!"

"Navuta vipi na nacheka?"

Basi nikasema Bwana nipe nguvu, nikarudi nyuma mpaka meza ya chakula, nikainama, nikakimbia na bega. (Mimi si mtu mwembamba, tuseme ukweli.) Mlango haikufunguka. Iling'oka. Mlango, fremu, neti ya upande mzima, vyote vikaenda na mimi, nikaanguka kwa matope tumbo chini, nimejifunga ndani ya ile neti laini kama samaki ya wavuvi wa Rhino Camp, na kumbikumbi yote ikapita juu yangu ikaenda mbinguni. Misumari ya Fundi Drani ilibaki kwa fremu, ilikuwa ya nguvu kweli. Ni ukuta ndiyo ilikubali.

Nikasikia tu kuku za boma yote zinakuja mbio. Nikainua uso na nikaona viatu ya Shangazi Poni, imesimama mbele yangu. Kichwa yake wazi, nywele imejaa mabawa. Nikajua imekwisha, nimemharibia mtoto wangu bwana kwa sababu ya nzi moja.

"Mama Ayikoru," akasema.

"Ndiyo, Shangazi. Unisamehe, Shangazi."

"Unaangalia tu?"

"Naangalia nini, Shangazi?"

"Kuku inakula! Yote inaisha! Leta beseni!"

Na akamnyang'anya Mama Keji ile beseni yake, akapandisha kitenge mpaka magoti, akarudi ndani ya ile varanda, akatupa kapeti yangu huko, akapiga magoti kwa kona, pale kumbikumbi ilikuwa bado inatoka. Wazee wakavua koti. Mimi nikatoka kwa neti nikaenda kufukuza kuku, matope mpaka kwa meno. Shangazi alikuwa anakusanya na mkono moja na kula na ingine, hai hivyo hivyo, na akaanza kusema, si kwangu, kwa ile kona: kule Koboko yeye pia alikuwa na kichuguu, akaichimba kwa sababu ya sementi nzuri na neti nzuri, na tangu hapo kumbikumbi ananunua kwa kikombe sokoni kama mutu mwenye hana kwao.

Halafu akaita Lemi. "Huyu msichana amekulia juu ya kumbikumbi. Unangoja nini?" Na kwangu akasema, "Lakini wewe, hiyo sala yako. Siku ingine ifupishe."

Harusi ilifanyika, Mungu asifiwe. Ndiyo jina yangu sasa kule Koboko ni Mama Neti, na mtu wa kipaza sauti kwa harusi alieleza ile hadithi yote, na mchungaji wangu mwenyewe alifuta machozi. Neti ya dirisha iko, hiyo sitatoa, nzi bado ni adui. Kwa varanda niliweka ile ya waya, pande mbili tu, na kona iko wazi na beseni yake. Mwenye anataka kuweka neti, aangalie kwanza wadudu yake inatoka wapi, inje ao chini ya kiti.

Na kuomba bado naomba, kila siku, hilo halibadiliki. Ila nikisalia chakula mbele ya wageni, nasema maneno kidogo, na nafunga jicho moja tu.