Binti Hawa wa Jangwani

Watu wa Mchafukoge walimpenda Bi Kuruthumu kwa mbali. Wakikutana naye njiani walimwamkia vizuri na kumuulizia magoti yake, lakini wakishampa mkono waliupitisha upesi kwenye nguo kama walioshika samaki. Zamani alikaanga vitumbua barazani kwake, na vilikuwa vitumbua kweli, laini ndani na vyekundu pembeni. Walipojua kazi yake nyingine, wateja wakapungua. Kila mmoja alidai daktari kamkataza sukari, na mtaa mzima ukapata kisukari ndani ya wiki moja. Mimi niliendelea kuvila, nikanenepa.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuosha maiti wa kike wasio na watu.

Mimi ni Najma. Nina duka la vitambaa Kariakoo, na bafta ya sanda haikosekani dukani kwangu. Siku ya kwanza alipokuja kununua, alinitazama ninavyopima kitambaa bila kumuuliza ni ya nani wala kafa kwa nini. Akaniambia, "Wewe mwanangu unaweza kunyamaza. Njoo uwe unanimiminia maji." Sijui kwa nini nilikubali. Labda kwa sababu hakuna aliyewahi kunisifu kwa kunyamaza, maana nyumbani kwetu najulikana kwa kinyume chake.

Zamani, mgeni akifia Kariakoo, mtaa ndio uliomzika. Msikitini walichangishana, wanawake wakaosha, na jioni watu wakarudi kwenye shughuli zao. Shangazi yake Bi Kuruthumu aliifanya kazi hiyo tangu maghorofa haya hayajaota, na ndiye aliyemfundisha. Kisha mji ukajaa, watu wakawa hawajuani hata waliotenganishwa na ukuta mmoja, na yule asiye na mwenyewe akawa wa serikali. Leo anashughulikiwa na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yule yule anayehangaika na watoto waliotupwa na wazee waliosahauliwa. Vibali wanavitafuta, gari wanalitafuta, kaburi wanalipata. Ila hakuna afisa anayeajiriwa kuosha. Kwa hiyo kila afisa mpya alirithi meza, kiti na Bi Kuruthumu.

Alikuwa na namna yake. Maiti hakuwekwa wazi hata kidogo. Alifunikwa kanga mbili, na mkono wa Bi Kuruthumu ulipita chini ya kanga huku mimi nikimimina maji juu. Alizungumza naye muda wote. "Sasa nakugeuza, mama, uniwie radhi. Maji yana ubaridi kidogo, vumilia." Asiyejulikana jina alimwita Binti Hawa, kwa sababu ndivyo anavyoitwa kaburini mtu ambaye mama yake hajulikani. Alishaosha mabinti Hawa wengi, na wote aliwaita kwa upole ule ule.

Tena alikuwa na sharti moja. Anachokiona mwoshaji kinabaki chini ya kanga. Kiwe kovu, kiwe chale, kiwe ugonjwa, hakitoki nje ya chumba kile. Akiulizwa, jibu lake halikubadilika: "Alikuwa maiti safi." Alijibu hivyo hata kuhusu wale walionifanya nitoke nje kutapika.

Masika ya mwaka ule maji yalijaa Jangwani hadi barabara ikafungwa. Yalipopungua, akapatikana mwanamke mtu mzima kwenye matope karibu na daraja. Polisi walitangaza, hospitali ikamhifadhi, muda ukapita. Ndipo akaja Vitalis, afisa ustawi, kijana wa Rombo mwenye adabu ambaye siku zote huonekana hajalala vizuri.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, baba. Umeniletea nani?"

"Hatumjui, bibi. Alikuwa amejifunga ushungi, ndio maana nimekuja kwako. Kuna familia moja ilikuja kumwangalia, kaka na dada, wamepotelewa na mama yao. Kaka alisema siye. Uso wenyewe, kusema ukweli, haukuwa wa kutambulika."

"Na dada?"

"Dada alilia tu. Nikamuuliza kama mama yake ana alama yoyote mwilini. Akamwangalia kaka yake, akasema hana."

Tulimwosha asubuhi ya siku iliyofuata. Nakumbuka mkono wa Bi Kuruthumu ukienda taratibu chini ya kanga, halafu ukasimama. Aliinua pindo kidogo ahakikishe, na mimi nikaona. Kopo likanisimamia mkononi. Ilikuwa alama ambayo mtu akiwa nayo, mwanawe hawezi kukosea. Ni ya namna gani na ilikuwa wapi, sikutajii. Nimekwishakwambia sharti.

"Mimina maji, Najma," akasema.

Tulipotoka, Vitalis alikuwa anasubiri koridoni. Akauliza kama kuna chochote cha kumsaidia, hata kidogo, maana wakishamzika mambo yatakuwa magumu.

"Alikuwa maiti safi," akajibu Bi Kuruthumu.

Nilimwangalia. Hakuniangalia. Yule mama akazikwa makaburi ya halmashauri, kigingi chenye namba kichwani, na sisi tukarudi Mchafukoge. Bi Kuruthumu akalisuuza kopo lake akalilaza kifudifudi chini ya bomba la uani, kama alivyofanya kila akitoka kuosha.

Kesho yake alasiri nilipita kumpelekea sukari. Kopo lilikuwa limesimama, limejaa maji hadi mdomoni. Siku hiyo maji ya bomba yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Niliinama nikanusa. Yalinuka matope, yale matope ya Jangwani mafuriko yakishuka. Nikayamwaga, nikalilaza kifudifudi tena, nikajiambia kuna mpangaji kalitumia. Bi Kuruthumu hakuwa na mpangaji.

Siku nyingine ikawa vile vile. Kisha ikaanza hodi.

Ilikuja saa ya alasiri, jua bado kali, huko nje wachuuzi wakipiga kelele zao na mikokoteni ikigongana. Sauti ya mwanamke mtaratibu, mwenye adabu zake, mlangoni pale pale. "Hodi." Mimi niliisikia kwa masikio yangu, nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele. Bi Kuruthumu akaitika bila kugeuka, "Karibu, Binti Hawa." Pazia likasogea likatulia. Hakuna aliyeingia. Baada ya muda mkeka ukawa na unyevu pembeni yangu, sehemu ya kiasi cha mtu aliyekaa.

Niliogopa. Sitajifanya shujaa, mchele ule sikuumaliza.

"Anataka nini?" nikamuuliza.

"Anataka kuitwa jina lake."

"Basi si umwambie Vitalis ulichokiona? Neno moja tu."

"Nimeosha wanawake ambao ndugu zao walinifuata wanataka kujua kama alikuwa na mimba, kama alipigwa, kama alikuwa na ugonjwa ule. Wote nimewasitiri. Nikimvua huyu leo kwa sababu ya wema, kesho nitamvua mwingine kwa sababu nyingine. Nami nitakuja kuoshwa, Najma."

"Huo ni ukaidi, bibi. Kuna mtoto anamtafuta mama yake."

"Najua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. Alikuwa hali chakula vizuri tangu mazishi, na mikono yake ilikuwa imekunjamana vidoleni kama ya mtu aliyeshinda anafua, asubuhi na jioni, haikauki.

Alasiri moja hodi ikaja tena. Sauti ile ile, upole ule ule. "Karibu, Binti Hawa," akaitika Bi Kuruthumu kama kawaida yake. Pazia likasogea. Safari hii akaingia mtu.

Nilipiga kelele, sioni haya kusema. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa baibui, ana vumbi la safari miguuni. Alisimama amekodoa macho kwa jinsi nilivyomkodolea.

"Shikamoo, bibi," akamwambia Bi Kuruthumu. "Mimi Hamdiya, nimetoka Tanga. Yule afisa ustawi kaniambia ni wewe uliyemwosha mama wa Jangwani. Samahani, lakini umeniitaje?"

Bi Kuruthumu alimkalisha, akamlazimisha anywe maji kwanza. Hamdiya akaeleza. Mama yake, Bi Badria, alikuwa akiishi Magomeni kwa mwanawe Salem, kaka yake Hamdiya. Alishaanza kusahau. Asubuhi ya mvua alitoka akisema anaenda sokoni Kariakoo kununua nazi, sokoni kwenyewe kulikuwa kumefungwa kwa maji, na hakurudi. Salem alipoonyeshwa maiti alikataa, na tangu siku hiyo hataki mazungumzo hayo. Anasema mama yupo, atarudi. Vitalis alimwambia Hamdiya kuna sampuli ya mwili ule imehifadhiwa na kipimo cha vinasaba kinawezekana, lakini hapimwi mtu hivi hivi, lazima ndugu asimame aseme, huyu naamini ni wangu.

"Na mimi sijui niamini nini," akasema Hamdiya. "Mama alikuwa na alama, bibi. Sikuisema. Kaka alikuwa amesimama pale, na yule afisa naye mwanaume. Mwili wa mama yangu ningeanzaje kuwaeleza wanaume? Nikasema hana. Kila nikifumba macho namwona ananiangalia."

Nikaelewa basi. Mtoto alimsitiri mama yake, na mwoshaji alimsitiri mama yule yule, na kati ya sitara hizo mbili mwanamke wa watu amelala chini ya namba. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu.

"Alama yenyewe ilikuwa..." akaanza Hamdiya.

Bi Kuruthumu akainua mkono. "Usinitajie. Ukinitajia utanilazimisha kukujibu, na mimi sijibu."

Hapo nikachemka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake: kwamba ana roho ngumu, kwamba sitara yake imegeuka kiburi, kwamba mimi mwenyewe nitasema na liwe liwalo. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akamgeukia Hamdiya.

"Uliwahi kumsugua mama yako mafuta?"

"Tangu mdogo. Miguu na mgongo na mabega, alikuwa na baridi yabisi. Mafuta ya nazi, kila Ijumaa."

"Mkono wako unamkumbuka?"

"Unamkumbuka."

Bi Kuruthumu akaniomba kanga mbili. Akajilaza kwenye mkeka, pale pale palipokuwa na unyevu, nami nikamfunika kutoka shingoni hadi miguuni kama tunavyofunika. "Funga macho," akamwambia Hamdiya. "Nisugue mimi, kama ulivyokuwa unamsugua yeye."

Nilidhani atauongoza mkono wake, autue mahali fulani kisha anyamaze, na mwenye akili aelewe. Hakuuongoza. Mikono yake mwenyewe aliilaza pembeni, wazi, naiona. Mkono wa Hamdiya ukaingia chini ya kanga ukawa unakwenda wenyewe kwa mazoea ya Ijumaa zile. Nje mtu alikuwa ananadi mitumba. Kanga ikapanda na kushuka. Kisha mkono ukasimama.

Hamdiya hakufumbua macho. Vidole vikawa vinazunguka mahali pamoja chini ya kitambaa, polepole.

"Ipo," akasema. "Hii hapa. Mama." Akalala juu ya kanga akalia kama mtoto wa chekechea.

Sasa nikwambie kitu. Mwaka mmoja kabla ya hapo Bi Kuruthumu aliugua dengi, nikamuuguza mimi. Nilimwogesha na kumpaka mafuta mwili mzima, hadi akaweza kusimama. Ngozi yake ilikuwa nyororo kuliko yangu. Hakuwa na alama hata moja.

Bi Kuruthumu akakaa, akajifunga kanga yake vizuri. "Mimi sijasema kitu," akasema, akamfuta Hamdiya machozi kwa mikono ambayo kwa mara ya kwanza tangu mazishi ilikuwa mikavu.

Hamdiya alikwenda kwa Vitalis siku ya pili, akasimama akasema anaamini ni wake. Kipimo kikajibu kama mkono ulivyojibu. Salem alikuja makaburini, hakuzungumza na mtu, lakini alikichomoa kigingi kile mwenyewe na kuweka kibao chenye jina. Hamdiya akainama akaita, "Mama Badria," kwa ile sauti yao moja ya mama na mtoto. Tangu siku hiyo kopo lilibaki kifudifudi kama lilivyolazwa, na alasiri zikawa alasiri tu.

Hamdiya hakurudi Tanga. Alipanga chumba karibu na dukani kwangu, na akawa anakuja kula vitumbua.

Mwaka huu, baada ya Idi, Bi Kuruthumu alilala mchana akapitiliza. Mtaa ulijaa. Wale waliokuwa wakifuta mikono walibanana getini, kila mmoja akisimulia alivyokuwa mtu wake wa karibu. Vitalis alikuja na wenzake wa ofisini, akasimama nje analia waziwazi. Mimi nilimwosha, Hamdiya akanimiminia. Nilimwambia kila ninachofanya, kama alivyonifundisha. "Sasa nakugeuza, bibi, uniwie radhi." Mkono wangu ulikuwa ukipita chini ya kanga, na mahali fulani ukasimama. Kopo la Hamdiya nalo likasimama.

"Mimina maji," nikamwambia.

Tulipomaliza tukatoka uani. Hamdiya alinishika mkono, vidole vyake baridi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile alama ilikuwepo.

"Alikuwa maiti safi," nikamjibu, nikachukua kopo nikalilaza kifudifudi chini ya bomba.