Fundo la Mgongoni

Saa moja kasorobo asubuhi, mashine ya pasi inakohoa mara mbili, inatema mvuke, na chumba kizima kinanuka sabuni na pamba ya moto. Mwanamke aliyesimama mbele yake hashtuki. Analivuta shuka kapuni, analirusha hewani, nalo linatua mezani limenyooka kama maji ya mtungini.

Mkono wake wa kushoto ndio unaotoa siri. Kila baada ya mashuka matatu unashuka, unakamata kiuno, kisha unarudi kazini kana kwamba haukwenda popote. Leo ni siku yake ya kwanza. Yuko mwezini.

Juu ya mashine kuna boksi la vitambaa vilivyoshonwa uzi mwekundu ukingoni. Anachukua kimoja, anakikunja mara nne, anakilaza chini ya pasi na kuhesabu hadi ishirini. Kisha anakiweka tumboni, juu ya aproni, na kukifunga kwa utepe wa shuka kuukuu. Fundo liko mbele, na mwenye macho analiona.

Miezi mitano iliyopita, fundo hilo lilikuwa mgongoni, chini ya sare, na nusura limfukuzishe kazi.

Wenzake wanamwita Mkunjo, kwa sababu shuka la vitanda viwili hulikunja peke yake bila kumwita mtu ashike upande wa pili. Ana miaka thelathini na minne. Kumi na mmoja kati ya hiyo ameipitisha katika udobi huu unaofua mashuka na mataulo ya hoteli. Kwa siku hupiga pasi mashuka mia mbili na arobaini, akiwa wima, maana mpiga pasi hapewi kiti. Wageni wa hoteli hulala usingizi mnono juu ya kazi ya mikono yake, wala hakuna anayejiuliza aliyeyanyoosha mashuka alilalaje.

Alivunja ungo akiwa na miaka kumi na mitatu, na maumivu yalikuja siku hiyohiyo. Mama yake alimpa maji ya moto na ahadi: avumilie, akizaa yatakwisha.

"Nikazaa," anasema Mkunjo, bila kuacha kunyoosha foronya. "Mtoto akaja, maumivu hayakuondoka. Nikamrudia mama, akasema labda nizae wa pili. Nikaona hiyo dawa itanijazia nyumba."

Ukimwomba ayaeleze, hatafuti maneno mbali. "Umeshaona shuka bichi likikamuliwa na watu wawili, huyu huku na huyu kule? Basi hapo shuka ni wewe."

Tumbo haliji peke yake. Huja na kichefuchefu, tumbo la kuendesha, mapaja mazito kama yamejazwa mchanga, na kichwa ambacho mvuke wa pasi hukichochea. Miezi mingine hawezi kuinuka kitandani, na asiyefika kazini siku hiyo halipwi. Akirudi hujaza fomu ya ruhusa, yenye mstari mmoja wa sababu. Kwa miaka kumi aliujaza mstari huo kwa neno moja: malaria.

"Kwa fomu zangu, hakuna mtu aliyeumwa na mbu kunishinda," anasema. "Msimamizi aliwahi kuniuliza kama kwetu tunawafuga."

Ujanja wa taulo ulianza kwa bahati. Siku moja maumivu yalimkunja katikati ya zamu, akaliegemeza tumbo kwenye rundo la mataulo yaliyotoka kwenye pasi. Joto likapenya, na ile kamba ya maumivu iliyokuwa ikimkaza ikalegea. Haikukatika, ililegea tu, lakini kwa mtu wa kazi kulegea kunatosha.

Tangu hapo, kila siku yake ya kwanza, alichukua taulo dogo la mikono, akalipasha na kulificha chini ya sare. Aliyemfungia alikuwa mkunjaji wa meza ya pili, mwanamke mnene mwenye mdomo wa upupu ambaye udobi mzima unamwita Shangazi. Alimfunga mafundo mawili mgongoni, lisiteleze akiinama. Jioni alimfungua, na taulo likarudi kwenye mashine ya kufulia kabla ya kwenda kwa mwenyewe.

Siku ya mkasa, maumivu yalikuwa makali kuliko kawaida. Alikuwa amemeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, akavitapika. Kengele ya saa kumi ilipolia, alichowaza ni kitanda tu. Shangazi naye alikuwa ameitwa stoo. Mkunjo akajitwika mkoba, akajiunga na foleni ya getini, taulo likiwa limepoa tumboni kiasi kwamba hakulihisi tena.

Mlinzi wa kike, ambaye kila mtu anamwita Afande, alimpapasa kama anavyowapapasa wote. Mkono ukasimama. Akainua ncha ya sare, mstari wa buluu wa taulo la hoteli ukachungulia.

Sheria ya pale haina kona: ukikutwa na mali ya mteja getini, kesho usirudi. Mwezi mmoja kabla, mwanamume wa kitengo cha kukausha alifukuzwa kwa foronya mbili. Mkunjo, anayemlea binti yake peke yake, alijua hivyo vizuri.

Akasema amesahau. Foleni ikacheka. Mtu wa nyuma akauliza kama na kitanda amekisahau tumboni.

Alipelekwa ofisini. Msimamizi, mwanamume wa makamo ambaye hajawahi kuchelewa hata dakika moja, aliiweka fomu ya kufukuza mezani na kumtaka aeleze. Mkunjo anasema ulimi ulimwambia aseme malaria, kwa mazoea. Akautafuna.

"Niko mwezini, bosi," alisema. "Hilo taulo ndiyo dawa yangu. Kila mwezi."

Msimamizi aliitazama kalamu yake kama ndiyo iliyozungumza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hilo kila mwanamke anaweza kulisema.

Hapo ndipo Afande, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumtetea mtu, alipofungua kinywa. "Bosi, mwizi hufunga mahali atakapofika haraka. Huyu kafungwa mgongoni, mafundo mawili, yamekazwa. Hata mimi yamenishinda. Mtu hajifungi hivyo peke yake."

Msimamizi akauliza nani aliyemfunga. Mkunjo akapiga hesabu. Kumtaja mwenzake kulikuwa kumburuta shimoni pamoja naye, na kutomtaja kulikuwa kujizika.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Shangazi alikuwa amesikia habari akiwa stoo na kuja mbio, akihema kama mashine.

"Nimemfunga mimi," alisema. "Kama ni wizi, andika majina mawili. Na kesho tafuta wapiga pasi wengine, maana hapa hakuna mwanamke ambaye sijamfunga."

Msimamizi hakuandika jina lolote kwenye ile fomu. Alimpa Mkunjo karipio la maandishi kwa kuvaa mali ya mteja, nalo Mkunjo alilitia sahihi, ingawa mpaka leo analiona ni la uonevu. Wiki iliyofuata Shangazi alirudi ofisini na ombi: mashuka yaliyochanika, ambayo hutupwa, wapewe wao wayakate.

"Akatujibu hataki kujua kitambaa ni cha nani wala ni lini," anakumbuka Shangazi. "Anachotaka kisiwe cha mteja. Nikamwambia, bosi, hayo ndiyo tunayotaka na sisi."

Ndivyo boksi lilivyozaliwa. Sasa lina vitambaa kumi na vinne, vyenye uzi mwekundu visichanganyike na vya mteja, na siku ya kwanza inapomzidi mwanamke mmoja, mwenzake humpisha kwenye meza ya foronya, ambako kazi hufanyika mtu ameketi juu ya kapu. Msimamizi hupita na kutazama dari.

Lakini joto hutuliza, halitibu. Muuguzi wa zahanati alimwambia Mkunjo kwamba maumivu yanayomwangusha mtu kitandani kila mwezi si ya kuvumiliwa tu, yana haki ya kuchunguzwa. Amepangiwa kumwona daktari wa wanawake Jumanne ijayo. Binti yake, mwenye miaka kumi na mitatu, ameanza kuona siku zake kwa maumivu yaleyale, na mwezi uliopita alimuuliza mama yake kama itakuwa hivi daima.

"Sikutaka kumwambia akizaa yatakwisha," anasema Mkunjo. "Miaka ishirini na moja naumwa kitu nisichokijua jina. Nataka nirudi na jina lake, nimpe."

Anaingiza mkono mfukoni mwa aproni na kutoa fomu ya ruhusa ya Jumanne. Kwenye mstari wa sababu ameandika kwa herufi kubwa: TUMBO LA HEDHI. Chini yake kuna sahihi ya msimamizi, imepinda kidogo, lakini ipo.

Anaikunja mara moja, anairudisha mfukoni, na kulivuta shuka lingine.