Gari Lililokataa Kwenda Boito

Chepkosgei hakuwa na shida na spana wala na grisi. Shida yake ilikuwa mdomo. Watu wa Sotik walimpelekea magari kwa sababu alijua kuyatengeneza, na walikaa kumngojea kwa sababu alijua kuchekesha. Ukimletea gari linalovuta upande mmoja barabarani, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na huko linakovuta, anakaa nani?" Wanaume walioandamana na wake zao walicheka kidogo tu.

Ijumaa hiyo hakupaswa kuwa gereji kabisa. Kesho yake watu wa akina Benard, mchumba wake, wangefika kwao Boito kwa koito, kikao cha kuposa na kupatana mahari, na mama yake alikuwa amemwamuru abaki nyumbani. Msichana anayeposwa haonekani ovyo mbele ya wakwe. Anaitwa wakati wake ukifika. Chepkosgei alisema anakwenda kusuka nywele. Akasuka, ndiyo, kisha akavaa ovaroli na kuingia chini ya lori la mtu.

Mchana ikaingia pikapu ya kijani. Mwenye kuendesha alikuwa mzee aliyevaa tai, na kando yake mama mnene aliyepakata mkoba kama aliye kanisani.

"Fundi, hii gari inavuta kushoto tangu Kericho," mzee akasema. "Nimeshikilia stelingi mpaka mabega inauma."

Mdomo wa Chepkosgei ukawahi mbele ya akili. "Labda imekataa huko mnaenda, mzee."

Alitarajia kicheko. Hakikuja. Mama yule akamgeukia mzee polepole.

"Umesikia, Alexander? Hata fundi ameona. Si nilikwambia tukitoka nyumbani Fort Ternan? Turudi."

"Rodah, hii ni gari tu."

"Watu wa zamani wakienda koito, ndege ikilia upande mbaya, walirudi. Sasa hii si ndege, ni gari mzima! Benard mtoto wako atatafutiwa msichana pahali pengine. Boito si mwisho wa dunia."

Hapo Chepkosgei akaelewa. Huyu alikuwa baba yake Benard, na huyu dada mkubwa wa mzee, yule shangazi ambaye Benard alisema neno lake halivukwi na mtu. Walikuja kulala kwa jamaa mjini ili kesho wawahi, na yeye, kwa utani wake mwenyewe, alikuwa karibu kuwarudisha nyumbani. Kujitambulisha asingethubutu. Mchumba anayewatokea wakwe siku moja kabla, tena na grisi mpaka kidevuni, angekuwa dalili mbaya ya pili. Benard alikuwa amewaambia tu kwamba msichana wake "anafanya kazi ya magari", nao wakadhani ni ofisini.

Aliogopa kweli. Alimpenda Benard, na hakuwahi kumwambia sawasawa, maana kila alipojaribu mzaha ulimtangulia.

"Mama, ngoja kwanza nione," akasema, kwa sauti ya heshima ambayo Sotik haikuwa imewahi kuisikia.

Akapima upepo: tairi zote sawa. Akaeleza kwamba barabara huinamishwa kando ili maji ya mvua yateremke, kwa hiyo hata gari zima huelemea kushoto kidogo; lazima lijaribiwe mahali tambarare. Wakaenda kiwanja cha soko, Rodah akikataa kushuka. Chepkosgei akashika usukani, akauachilia, na pikapu ikakata kushoto moja kwa moja kuelekea kwa muuza viazi, aliyepiga kelele kama amevamiwa.

"Unaona?" Rodah akasema. "Inakataa."

Chepkosgei akabadilisha tairi za mbele, ya kushoto akaipeleka kulia na ya kulia kushoto. Kama kosa lingekuwa la tairi, sasa gari lingevuta kulia. Likavuta kushoto vilevile. Hapo akapata wazo la kihuni, akalipenda papo hapo. Akaigeuza pikapu ikaangalia Kericho, kama wanaorudi nyumbani, akaachilia usukani tena. Ikakata kushoto, sasa upande wa pili wa kiwanja, na mwenye viazi akamshukuru Mungu.

"Mama, kama imekataa Boito, mbona imekataa na Fort Ternan? Ama mtalala hapa sokoni?"

Mzee Alexander alikohoa ili asicheke. Rodah alitazama nje ya dirisha, lakini neno la kurudi hakulitaja tena.

Chepkosgei akashuka, akagusa rimu za mbele. Ya kulia ilikuwa baridi. Ya kushoto ikamuunguza kidole. Breki ya upande huo ilikuwa imeng'ang'ania hata mguu ukitoka kwenye pedali, na gari huvutwa upande wa gurudumu lililobanwa. Akafungua, akatoa matope, akasugua pini zilizoshika kutu, akazipaka grisi. Alipojaribu tena, pikapu ilinyooka hadi mwisho wa kiwanja bila kuguswa.

Furaha ikamzidi. "Sasa ni salama! Na kesho, mzee, usiteremke na gari mpaka kwa geti, mvua imeharibu pale. Acha juu kwa kituo cha majani chai, mshuke na miguu. Mkiona mbwa nyekundu msiogope, hiyo ni kelele tu."

Rodah akageuza kichwa. "Fundi. Boito iko na nyumba ngapi?"

"Mingi, mama."

"Na mimi nilikuambia tunaenda kwa nani?"

Rodah akashuka garini kwa mara ya kwanza tangu wafike, akamzunguka taratibu kama mtu anayekagua ndama sokoni.

"Nilijiuliza, huyu fundi anatubembeleza twende mbele kwa nini? Fundi hajali gari inaenda wapi. Kumbe! Unamtaka Benard hivyo?"

Chepkosgei alitafuta mzaha, akaukosa. "Namtaka sana, mama," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya soko lote.

Rodah akamfuta shavu kwa leso yake, grisi ikaenea hadi sikioni. "Basi kesho sijawahi kukuona. Mama yako akiniuliza, nitaapa."

"Rodah!" akasema mzee Alexander, ambaye ni shemasi.

"Endesha gari."

Kesho yake Chepkosgei alipoitwa mbele ya wageni, amevaa gauni jipya na kuinamisha macho, Rodah alimwangalia toka juu hadi chini.

"Ndiye huyu? Hata simjui," akatangaza, "lakini nimempenda tayari."

Mzee Alexander akafumba macho, akainamisha kichwa, na watu wa Boito wakanyamaza kwa heshima wakidhani anaomba.