Nyeupe ya Mama

Mama alirudi kutoka kituo cha afya na uso wa Pasaka. Alifungua kitambaa cha kichwa, akamwita mama mudogo, yule ndugu yake tunayeishi naye, aache kutwanga majani ya sombe aje asikie.

"Balinipima. Banasema baliona nyeupe."

"Nyeupe? Weye, mama ya batoto saba!" Mama mudogo alishika kiuno. "Basi tukushonee kanzu ya komunyo ya kwanza."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mimi nilikuwa nachambua maharagi, na vidole vilikataa kuendelea.

Hapa Butembo nyeupe ni ubatizo, ni unga muzuri wa muhogo, ni moyo usio na kinyongo. Nani angefikiri kwamba nyeupe inaweza kuwa ugonjwa? Lakini Jumapili iliyopita, baada ya misa, muuguzi mmoja aliyetumwa kwetu kutoka Kisangani aliwaeleza wanawake na wasichana nyuma ya kanisa. Mama alikuwa ameisha kwenda sokoni. Mimi nilijificha nyuma ya wote, maana yule muuguzi alitaja sehemu za mwili kwa sauti ya mutu anayeuza nyanya. Alisema wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi. Palipo pazima panabaki na rangi yake. Palipoanza kuharibika panageuka peupe. Pakionekana mapema wanapachoma, kabla hapajawa kansa.

"Mama, yule aliyekupima alikuambia urudi?"

"Alisema nirudi na baba yako. Lakini baba yako iko Oicha, ku shamba yake ya kakao. Na ile mambo minaijua: banataka kunifunga kizazi."

Nilitamani mama mudogo atoke. Hakutoka. Kwetu binti hazungumzi na mama yake juu ya mahali alipopitia akizaliwa. Mambo hayo ni ya shangazi, na shangazi wangu anakaa Lubero. Basi niliyaambia maharagi:

"Mama, ile nyeupe hapana muzuri. Ni ugonjwa. Ingali mudogo, banaweza kuichoma ikaisha."

"Nani alikuambia?"

"Muuguzi. Ku kanisa."

"Ee! Mutoto anajua mulango kuliko mwenye nyumba!" alisema mama mudogo, lakini safari hii alicheka peke yake.

Mama alikaa chini polepole, akijishika tumbo.

"Basi ile damu..."

"Damu gani?" mama mudogo aliuliza. "Dada, damu gani?"

Mama hakumuangalia. Aliniangalia mimi.

"Kesho tutaenda wote wawili. Weye ndio utauliza. Mi nitaona haya."

Mimi, ninayeshindwa hata kumuomba mwalimu ruhusa ya kutoka! Lakini nilisema ndiyo. Kisha nikajikaza, nikamuuliza ile damu ilianza lini, kwa sababu nilijua watamuuliza.

Alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akamaliza mukono mumoja, akaanza wa pili.