Yowe la Ukumbini

Fundi wa spika hakuwa mtu wa maneno. Wenzake walimwita Bubu, naye akaitika. Wiki ile mkewe, mwimbaji wa kwaya, alikuwa karibu kunyang'anywa wimbo wake. Kila alipopanda kwenye noti fulani ya juu, spika za ukumbi zilipiga yowe hadi watu wakaziba masikio.

"Leo jioni zikilia tena," mwalimu wa kwaya alimwambia, "wimbo atauimba wifi yako."

Wifi, dada yake Bubu, hakukawia. "Wifi yangu, gauni lako nilibane au linanitosha hivyohivyo?"

Bubu alikuwa ameshajaribu kupunguza sauti zote nyembamba. Yowe liliisha kweli, ila mke akasikika kama anaimba ndani ya pipa.

"Baba watoto, umenizika hai," mke alilalamika wakianua nguo. "Au kosa ni la koo langu?"

"Koo halina kosa. Ni ukumbi." Bubu akatafuta maneno, yakagoma. Basi akatwaa shuka, akalifunga pembe zake kwenye viti vinne, akapenyeza mpini wa fagio chini yake na kusukuma. Katikati pakainuka kama hema.

"Sauti yako inatembea juu ya shuka, noti nene huku, nyembamba kule. Ikifika hapa, ukumbi unaisukuma juu."

"Ndipo inapopiga yowe!" Mke akalikandamiza shuka kwa mikono yote miwili. Mwinuko ukashuka, na upande mzima ukashuka nao.

"Ndivyo nilivyofanya mimi," Bubu akakiri.

"Kumbe ndilo pipa langu hilo!"

"Sasa tumia kidole. Juu ya mpini palepale, nguvu yako ilingane na yangu."

Kidole kikasukuma chini, mpini ukasukuma juu. Shuka likatulia, tambarare kote.

"Shida ni kupapata hapo palepale," Bubu alisema.

"Masikio ninayo. Wewe zungusha tu."

Jioni ukumbini mke alipandisha sauti taratibu huku Bubu akizungusha kitufe kimoja cha mashine ya sauti, kinachokandamiza noti moja tu kama kidole. Spika zikaanza kuvuma. Wifi akatabasamu. Bubu akazungusha tena, kidogo, na mke akashusha kidole: hapo!

Akaimba wimbo mzima. Kwenye ile noti akakaa, akajinyoosha, akaongeza mbwembwe ambazo hazikuwemo. Spika hazikulia.

Aliyepiga yowe ni Bubu, hadi mwalimu wa kwaya akaziba masikio.