Kituo Kilichohamishwa kwa Kidole

Juzi, kwenye ofisi ya mipango miji hapa Dodoma, mama mmoja wa mtaa wa Kikuyu aliinamia ramani ya njia mpya za mabasi, iliyowekwa mezani ili wananchi watoe maoni.

"Shikamoo mama," alisema mhandisi.

"Marahaba. Hiki kituo mmekiweka korongoni. Mvua ikinyesha tutasubiri basi au mtumbwi?"

Mhandisi alikuna kichwa, akampa penseli. "Kiweke wewe, mama."

Penseli aliikataa. Kidole chake kilipanda juu ya mchoro, kikatulia. "Hapa. Ndipo tunaposimama siku zote."

Mhandisi akafuta kituo chake, akakichora upya palepale.

Mama alikaza khanga, akanigeukia mimi niliyekuwa nasubiri zamu yangu kando. "Kikijengwa, uwaambie watu nimekiweka mimi."

Kujenga kwetu huchukua muda, kwa hiyo nawaambia leo: amekiweka yeye.