Tangi Lililochomwa Tupu

Mwaka 1996, katika vijiji vya Mbuji wilayani Mbinga, kulikuwa na nyumba tano zenye maji ya moto ya bomba, na zote tano zilikuwa kazi ya Othmar Ndimbo. Alijifunza ufundi kwenye karakana ya misheni, kwa bruda mmoja aliyesema kidogo na kupima kila kitu mara mbili. Karakana ilipopunguza mafundi, Othmar alirudi kijijini na sanduku la spana na msumeno wa chuma. Alilima maharage na mahindi kwenye ngoro zake, mashimo ya kilimo cha mteremkoni, na kupogoa kahawa yake kama jirani yeyote. Hata hivyo, Juni ilipokaribia na baridi kuanza kushuka kutoka milimani, watu walimtafuta yeye.

Tangi lake la kwanza alilifunga mwaka 1974 kwa Mama Hildegardi Kapinga, mkunga. Lilikuwa tangi la chuma kizito lililolala juu ya jiko la matofali, nyuma ya nyumba. Maji ya chemchemi yaliingia kwanza kwenye pipa lililoinuliwa juu ya nguzo, yakashuka kwa bomba moja hadi chini ya tangi. Kuni za mibuni iliyopogolewa ziliyapasha moto, nayo yakatokea juu kwenda bafuni. Bomba jingine jembamba, lililoachwa wazi juu ya paa, lilitoa mvuke ili tangi lisipasuke.

Kila mwaka, mwezi wa Mei, Othmar alilifanyia tangi hilo matengenezo. Alimwaga maji yote mpaka tope la chini liishe kutoka, akakwangua masizi, akapitisha waya kwenye bomba la mvuke, akafunga upya kwa katani na rangi kila kiungo kilichotoa jasho. Mama Hildegardi alihitaji maji yale kuliko watu wengi. Alikuwa na miaka sabini na minne, na vidole vyake havikukunjuka asubuhi mpaka aviloweke kwenye maji ya moto. Akishaviloweka, alichuma kahawa, akapika na kufua mwenyewe. Tangu alipofiwa na mumewe aliishi peke yake, na alipenda iwe hivyo.

Julai hiyo Othmar aliitwa haraka. Alikuta gari dogo la mizigo limesimama uani. Juu yake kulikuwa na tangi jipya linalong'aa, na kando ya tangi, sanduku la nguo la Mama Hildegardi.

"Shikamoo, mama," Othmar alisema.

"Marahaba, Miguu Mbele." Alimwita hivyo siku zote kwa sababu ndiye aliyempokea alipozaliwa, na mtoto alikuja ametanguliza miguu. "Leo umekuja kichwa kwanza au vipi?"

"Leo nimekuja na spana kwanza."

Mama hakucheka. Alikuwa ameketi kizingitini, mikono ameiweka kwapani.

Florian, kitindamimba wake, alitoka ndani. Tangu biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi, alikuwa mnunuzi wa kampuni moja ya Songea, naye alizoea kuuliza maswali huku akitazama saa.

"Shikamoo, mzee. Tangi limepasuka jana asubuhi. Wewe ulilitengeneza mwezi Mei. Sasa ni Julai. Ulitengeneza nini?"

"Marahaba. Ngoja nilione kwanza."

"Lione. Nimeleta jipya, siku hizi dukani yamejaa. Lakini sijui hata kama nalifunga. Nyumba hii inamshinda mama. Mwezi uliopita aliacha chungu kikaungua, na sasa tangi. Nampeleka Songea."

"Mama mwenyewe anasemaje?"

"Mama anasema umwulize fundi tangi limepasukaje," Mama Hildegardi alijibu kutoka kizingitini.

Othmar alifungua viungo, akalishusha tangi na kulikata kwa msumeno upande wa chini. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Florian aliitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani, ukoko wa chumvi za maji uliogandia chuma ulikuwa umepasukapasuka kama tope la kiangazi, na chuma chenyewe kilikuwa na rangi ya buluu. Nje, moto ulikuwa umeyala masizi yote. Othmar hakuhitaji kuona zaidi, lakini alikwenda pia kuangalia koki.

Koki zilikuwa mbili. Bomba lililoshuka kutoka kwenye pipa liligawanyika: tawi moja lilikwenda kwenye tangi, na jingine liliteremka bondeni hadi karo la kuoshea kahawa. Mtu aliyetaka kuosha kahawa alipaswa kufunga koki ya tangi kwanza, ndipo afungue ya karo. Asipofanya hivyo, pipa likikauka, maji ya tangi nayo yangerudi nyuma na kuteremkia kahawani. Isitoshe, msimu wa kahawa chemchemi iligawanywa kwa zamu, kwa hiyo pipa lililokaushwa mchana halikupata maji tena mpaka kesho yake.

Koki ya tangi ilikuwa wazi.

Mambo yote yakawa yameeleweka. Juzi mchana kahawa ilioshwa, tangi likakauka. Jana alfajiri moto uliwashwa chini ya chuma kitupu. Zamu ilipofika, maji baridi yalipiga chuma kilichoiva, na mshono ukaachia. Katika nyumba hiyo mtu aliyeosha kahawa na kuwasha moto alikuwa mmoja tu.

Othmar alijua pia kwamba akinyamaza, atasemwa yeye; na akisema, sanduku lile litakwenda Songea. Aliifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Limechomwa tupu," alisema. Akamweleza Florian njia ya maji, akimwonyesha kila bomba. "Na kosa la kwanza ni langu. Nilikuwa kijana, nikabania mabomba, moja likafanya kazi mbili. Nikaweka mambo ambayo lazima mtu ayakumbuke kila mara. Miaka ishirini na miwili imepita, kila mwaka nakuja kukwangua masizi, na hili sikulirekebisha."

"Lakini koki iliachwa na nani?"

Othmar aliinama kuokota spana.

"Mimi," Mama Hildegardi alisema. "Fundi ananifichia, mimi simfichi mtu. Nilisahau."

"Ndicho ninachosema, mama."

"Na wewe hapo, mwaka jana ulikuja kunisaidia, koki uliifunga?"

Florian alifikiri. "Koki gani?"

"Basi, na wewe tukupeleke Songea."

"Mimi naishi Songea, mama."

"Ndiyo maana unasahau."

Othmar alisubiri wanyamaze. "Nipe siku mbili, mwanangu. Nitafunga tangi jipya, na bomba la kahawa nitalitoa katikati ya pipa, peke yake. Karo litapata nusu ya juu tu. Nusu ya chini itabaki ya tangi, hata koki zote zikiachwa wazi. Ukiona halifai, mchukue."

Alilipiga tangi jipya kwa kidole akasikiliza. "Ni jembamba. Halitafika miaka ishirini."

"Mimi pia sitafika," Mama Hildegardi alisema.

Siku ya tatu Florian alirudi, sanduku la mama likiwa bado garini, akavua saa na kuiweka dirishani. Alifungua koki ya karo akaiacha mpaka ikatoa matone, kisha ikakauka kabisa. Akaingia bafuni na kufungua bomba. Maji yalitoka, na baada ya muda yalitoka ya moto. Alirudia jaribio hilo mara ya pili. Mama yake alipomaliza kuloweka mikono, alikwenda mwenyewe kwenye gari, akalishika sanduku kwa mkono.

"Liache, nitalishusha," Florian alisema.

"Lishushe basi. Kuna kahawa ya kumenya."

Othmar hakubaki kula. Zilikuwapo nyumba nyingine nne ambazo alizifungia mabomba kwa njia ile ile ya zamani, na katika nyumba hizo hakuna aliyekuwa amemwita. Alifunga sanduku lake la spana, akashika njia ya kwenda kwenye ile iliyokuwa karibu zaidi.